Karatasi Ilisema Dawa Inaua

Kidonda cha baba kilifumuka Januari, mwezi ambao mimi huwa sina hata nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. Nauza sare za shule Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi, na Januari wazazi wa jiji zima hukumbuka kwa pamoja kwamba watoto wao wamekua. Huyu anataka sketi ya bluu bahari, yule anarudisha kaptura imembana mwanawe, na mimi niko katikati yao na futi shingoni.

Asubuhi hiyo nilipita chumbani kwa baba kumwamkia kabla ya kushuka dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una pamba humu ndani?"

Alikuwa ameketi kitandani, amepandisha msuli hadi gotini. Kwenye muundi wa mguu wa kulia, katikati ya lile kovu lake refu la zamani, palikuwa na tundu dogo kama punje ya njegere, linatoa majimaji ya njano.

"Umejigonga wapi?"

"Sijajigonga popote. Kimetoka ndani."

"Kidonda kinatokaje ndani, baba?"

"Nakwambia kinauma ndani. Hapa juu hakuna maumivu."

Nikamfuta, nikamfunga kitambaa safi, nikamwambia jioni tutakwenda hospitali. Maneno yake niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Dukani walikuwa wananisubiri.

Baba yangu alitoka Lindi akiwa kijana, akaja kuwa kuli bandarini. Alibeba mizigo ya meli miaka ishirini na tatu, mpaka siku kasha la mbao lilipokatika kamba na kumwangukia mguuni. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka walivyomrudisha nyumbani baada ya wiki nyingi za hospitali, mguu umenyooka, wamemwekea chuma. Siyo hivi vyuma vya nje ambavyo watu wanaviita antena. Chake kilifungwa ndani, juu ya mfupa, ngozi ikashonwa, basi. Tangu hapo anatembea kwa kuutupa mguu kidogo upande, na habari za bandarini hazungumzi. Mama alipofariki nilimchukua nikaishi naye pamoja na wanangu. Tunakaa ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia, na mlinzi anaweka fagio zake humo.

Jioni tukaenda kituo cha afya. Daktari alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa uchovu. Aliangalia kidonda, akapima sukari, ikawa nzuri. Presha ilikuwa juu kidogo, lakini dawa za presha baba anameza siku zote. Daktari akagusa kovu kwa kidole.

"Hili ni la nini, mzee?"

"Ajali ya kazini. Zamani."

"Pole sana."

Akaandika kapsuli za siku saba. Hakuuliza zaidi, baba hakusema zaidi, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nikiangalia simu, kwa sababu msichana wangu wa dukani alikuwa anauliza bei ya soksi, sikusema chochote. Nimeirudia dakika hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kidonda kikakauka. Nikafurahi, nikarudi kwenye sketi zangu. Baada ya wiki mbili nikaona doa la njano kwenye msuli. Tukarudi, daktari akabadilisha kapsuli. Kikakauka tena, kikafumuka tena. Mara ya tatu daktari akasema, "Sasa tusibahatishe. Tuoteshe usaha tujue tunapambana na nani."

Alinieleza vizuri. Wanachukua usaha kidogo, wanaupeleka maabara, wanawaotesha vidudu waliomo kwenye chakula maalumu, kisha wanawawekea dawa mbalimbali kuona ipi inawaua na ipi wameshaizoea. Nikaona hii ndiyo akili. Kwa nini hawakufanya siku ya kwanza? Muuguzi akaja na kijiti chenye pamba, akakipitisha juu ya kidonda, akakitia kwenye kichupa, na baada ya siku chache karatasi ikatoka.

Daktari aliipokea kama mtu aliyekamatiwa mwizi wake.

"Tumempata, mama. Ona hapa. Dawa zimeandikwa upande huu, na mbele yake kuna herufi. R maana yake kidudu hakifi. S maana yake kinakufa. Zile dawa mbili tulizompa mzee, zote zina R. Ndiyo maana kidonda kilikuwa kinarudi."

"Na hizi?"

"Hizi nne zina S. Tunampa hii."

Sikumbuki lini karatasi imewahi kunifurahisha hivyo. Mambo yote yalikuwa yamepata maelezo. Niliipiga picha nikamtumia kaka yangu, ambaye ni wakala wa kutoa mizigo bandarini na anaishi Kigamboni. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, akisema alijua tangu mwanzo kwamba tatizo lilikuwa dawa. Kaka yangu hujua kila kitu tangu mwanzo. Anachoshindwa ni kuvuka kivuko kuja kutuona.

Dawa ilikuwa vidonge vikubwa, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Nilimpa kwa mkono wangu. Kidonda kikakauka, kikafunga ngozi mpya ya pinki, na baba akaanza kushuka ngazi kwenda barazani kucheza bao. Siku ya tisa baada ya kumaliza dozi aliniita chumbani, akanionyesha. Tundu lile lile, mahali pale pale.

Nilikaa kitandani kwake nikataka kulia kwa hasira. Hasira yangu ilikuwa ya karatasi. Ingekuwa imeandikwa R ningeelewa. Iliandikwa S.

Tukarudi. Wakaotesha tena. Jibu likaja na kidudu kile kile, dawa zile zile, S mahali palepale palipokuwa na S. Ile dawa tuliyotoka kumaliza, karatasi bado ilisema inaua.

Daktari aliitazama muda mrefu. Kisha akamwangalia baba, akaniangalia mimi, akashusha sauti, kana kwamba baba asingesikia akiwa amekaa umbali wa mkono mmoja.

"Mama, una uhakika mzee anameza dawa?"

Baba alitazama dirishani.

"Namwona akimeza," nikasema.

"Wazee wengine wanaweka chini ya ulimi, wakitoka wanatema. Mimi sisemi anafanya hivyo. Ila dawa inaua, karatasi hii hapa. Sasa kama inaua na kidonda hakiponi..."

Hakumaliza, na hakuwa na haja ya kumaliza. Nilitoka pale nikiwa nimeshakipanda moyoni kile alichokiacha hewani. Kwenye ngazi, tunapanda ghorofa moja na kupumzika, ghorofa moja na kupumzika, nilikuwa namtazama baba yangu mgongoni nikiwaza anazitemea wapi.

Tukaanza dawa ya pili yenye S. Nikawa namsimamia. Nahesabu vidonge asubuhi, nahesabu jioni. Natazama chini ya godoro, natazama kwenye chungu cha maua kibarazani. Kaka akatuma ujumbe mwingine wa sauti kwamba huenda dawa ni feki, ninunue duka jingine. Nikanunua duka jingine, kisha jingine tena. Wateja nao dukani walikuwa na ushauri wao, kila mmoja ana shangazi aliyepona kwa majani fulani. Niliwaitikia huku napima viuno.

Jumamosi moja nafua, nikapekua mfuko wa shati la baba kabla sijaliloweka, nikatoa kidonge. Cheupe, cha duara.

Nashindwa kueleza kilichonipanda kichwani. Sikukitazama mara mbili. Nilikwenda sebuleni, mikono ina povu, nikakiweka mezani mbele yake.

"Hiki nini, baba?"

Akakiangalia. "Kidonge."

"Nakiona ni kidonge! Nakuuliza kinafanya nini mfukoni! Mimi nafunga duka, naacha wateja, nakupandisha na kukushusha ngazi, nabembeleza madaktari, kumbe wewe unaficha dawa mfukoni kama mtoto mdogo?"

Nilisema na mengine. Madirisha yalikuwa wazi, na kwenye jengo letu mtu wa ghorofa ya kwanza akipiga chafya wa nne anamwambia afya. Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema taratibu:

"Nimebeba mizigo ya watu miaka ishirini na tatu. Kahawa, sukari, nguo. Sijawahi kutoka getini na punje ya mtu. Walinzi walikuwa wanatupekua wote, mimi wakaacha kunipekua. Leo mwanangu ndiye ananipekua mifuko."

Akaingia chumbani.

Kuanzia siku ile alinipa adhabu ambayo sikuiomba. Kila nikimpa dawa, anaweka kidonge mdomoni, anakunywa maji, kisha anafungua mdomo wote na kutoa ulimi. Anauinua ulimi nione chini, halafu anavuta shavu la kulia kwa kidole, na la kushoto. Mzee mwenye umri wake, mbele ya wajukuu. Nilimwambia, "Baba, basi." Kesho yake akafanya tena. Hakuniambia neno jingine zaidi ya kuitikia salamu. Wanangu walikuwa wanatutazama kama watu wanaotazama filamu isiyofurahisha.

Na kwa vidonge vyote vile nilivyoviona kwa macho yangu vikishuka kooni, kidonda kilifumuka tena.

Daktari akaamua sindano. Siku kumi, kila asubuhi, na S yake kwenye karatasi. Ghorofa nne kushuka, ghorofa nne kupanda, siku kumi. Baba alikataa kubebwa. Kila kituo cha ngazi anakaa kwenye kigoda nilichomnunulia, ananyoosha mguu, na vijana wanaopandisha marobota ya mitumba kwenye stoo za juu wanamwomba apishe. Anawapisha, halafu anawafokea: "Wewe, robota halibebwi kwa mgongo! Piga goti! Utavunjika kiuno!" Nadhani zile zilikuwa saa zake nzuri katika kipindi kile chote. Mimi zilikuwa zinanimaliza. Dukani nilikuwa nafika saa nne, wateja wangu wa asubuhi wameshakwenda kwa jirani.

Sindano ziliisha. Kidonda kikatulia wiki tatu. Halafu asubuhi moja bendeji ikawa imelowa.

Siku ile sikwenda kwa daktari. Nilichukua karatasi zote tatu, maana walikuwa wameotesha tena kabla ya sindano na jibu likawa lile lile, nikaenda moja kwa moja maabara. Pale dirishani nikamkuta mama mmoja wa makamo, koti jeupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikamwekea karatasi zote mbele.

"Nyie mnaandika dawa inaua. Haiui. Mara tatu mmeandika, mara tatu haijaua. Nataka kujua nani ananidanganya."

Nilitegemea aniambie nirudi kwa daktari wangu. Alivaa miwani, akasoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila haraka. Nyuma yangu watu walianza kuguna.

"Hizi nimezisaini mimi," akasema. "Zunguka mlango wa pembeni. Usiguse kitu."

Alinisimamisha mlangoni, akaenda ndani, akarudi ameshika kisahani cha plastiki chenye mfuniko, kidogo kuliko kiganja. Ndani palikuwa na kitu kama jeli ya kahawia, na juu yake ukungu mwembamba umetanda, na kwenye ukungu huo vikaratasi vidogo vya duara vimepangwa. Kuzunguka baadhi ya vikaratasi palikuwa na duara safi, hapajaota kitu. Kuzunguka vingine ukungu ulifika mpaka ukingoni.

"Hiki ni cha mtu mwingine, ila cha mzee wako kilikuwa hivihivi. Huu ukungu ndio vidudu. Kila kikaratasi kina dawa. Hapa palipo safi, dawa imewazuia. Naandika S. Nimekudanganya?"

"Hapana."

"Sasa nitajie kilichomo humu ndani ya kisahani."

Nikaona ananichezea. "Vidudu na dawa."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Enhe. Hamna mtu humu, mama. Hamna damu inayotakiwa kuisafirisha dawa mpaka ifike, hamna usaha uliojaa, hamna mfupa. Vidudu wamekaa wazi na dawa nimewawekea puani. Mguuni kwa mzee dawa inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inatafuta njia. Isipofika, au ikifika kidogo, kidudu kinakaa. Halafu kuna vidudu vinavyokaa mahali vimejifunika, vimetulia, havikui. Dawa nyingi zinaua kidudu kinachokua. Karatasi yangu inajibu swali moja tu, kwamba dawa hii ikimkuta kidudu huyu, itamweza? Kwamba itamkuta, hilo mimi sijui. Sijamwona mgonjwa."

Nilisimama pale nikijisikia kama mtu aliyegombana na saa ya ukutani kwa sababu amechelewa basi.

"Na kitu kingine," akaendelea, akigonga karatasi kwa kalamu. "Hapa wameandika sampuli imetoka juu ya kidonda. Juu ya ngozi wanaishi vidudu wengi. Kwa hiyo hata huyu niliyemwotesha sina hakika kama ndiye anayeleta shida huko chini. Kidonda kiko wapi?"

"Muundini. Kwenye kovu."

"Kovu la nini?"

"Alivunjika zamani. Wakamwekea..."

Nilisikia sauti ya baba ya ile asubuhi ya Januari: kinauma ndani.

"Wakamwekea nini?"

"Chuma."

"Kilitolewa?"

"Hakijatolewa."

Alivua miwani. Hakunifokea, ingawa ningependa angenifokea.

"Mimi siyo daktari, sitakuambia cha kumfanyia. Ila nenda kamwambie daktari hilo neno moja ulilonitajia. Leo."

Daktari kijana aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Na kovu niliona," akasema. "Niliona mwenyewe." Tulitazamana kama watu wawili waliopotea njia wakiwa na ramani. Akaandika eksirei, na kwenye picha chuma kikaonekana cheupe pee, kimelala juu ya mfupa, na misumari yake sita. Kuzunguka misumari miwili palikuwa na kivuli cheusi, na kipande kidogo cha mfupa kimejitenga pembeni.

Tukapelekwa kwa bingwa wa mifupa, mzee mwenye sauti nzito asiyependa maneno mengi. Aliiweka picha kwenye taa.

"Hiki kimekaa humu tangu lini?"

"Tangu huyu yuko darasa la tano," baba akajibu, akininyooshea kidole, mama mzima mwenye wana watatu.

"Na miezi yote hii hakuna aliyekikumbuka?"

"Mimi niliwaambia kinauma ndani," baba akasema. "Wakaniambia karatasi inasema."

Bingwa akanieleza mambo kwa mfano ambao kila mtu wa mjini anaujua, tenki la maji. Ukilipitishia mkono kwa ndani unakuta utando unateleza. Unaweza kumwaga dawa kwenye maji, maji yakawa safi, lakini ule utando umeng'ang'ania ukuta, na kesho maji yameharibika tena. Vidudu wamefanya utando kama huo juu ya chuma cha mzee. Kila tulipompa dawa, waliokuwa wanaelea walikufa, kidonda kikakauka. Waliong'ang'ania chuma wakabaki, na dawa ikiisha wanatoka upya. Na kile kipande cha mfupa kimeshakufa, hakipati damu, kwa hiyo dawa haikifikii.

"Kwa hiyo dawa ilikuwa nzuri?" nikauliza.

"Dawa ilikuwa nzuri. Ulikuwa unamwagia tenki ambalo hujalisugua."

Alimpasua wiki iliyofuata. Akatoa chuma na misumari yote, akakwangua mfupa uliokufa, akachukua vipande vya ndani kabisa kupeleka kuotesha. Jibu nililisubiri kwa hamu, nikitegemea kidudu kipya, cha ajabu, cha kustahili miezi ile yote. Kilikuwa kidudu kilekile, na S zilezile. Bingwa akamwandikia vidonge vile vikubwa vya mara ya kwanza, nilivyokuwa nimevilaani kwenye ngazi, sasa kwa wiki sita.

"Vilevile?" nikasema.

"Vilevile."

"Safari hii vitaponya?"

"Safari hii vina nafasi. Kuponya tutaona."

Hata yeye hakutaka kuniahidi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ukweli wake ulinikera pia.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimpelekea baba wali na mchuzi wa changu, saa ya mchana ya kutazama wagonjwa. Nilimsubiri ale kidogo.

"Baba, nisamehe kwa ile siku ya kidonge mfukoni."

Akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani.

"Kilikuwa cha presha," akasema. "Nilikuwa nakimeza nikishuka barazani, saa sita. Ungekitazama ungekijua. Vile vingine vikubwa."

"Najua sasa."

"Ulipiga kelele sana."

"Ndiyo, baba."

"Jengo zima lilisikia. Yule mama wa ghorofa ya tatu alisikia."

"Ndiyo."

"Basi ukirudi, na yeye mwambie."

Nilidhani anatania. Aliendelea kula. Hakuwa anatania.

Mama wa ghorofa ya tatu ni wa familia ya Kiarabu yenye duka la vyombo hapohapo mtaani, mtu mwenye heshima zake, hatuzoeani kwa mambo ya ndani. Jioni ile niligonga mlango wake nikiwa na aibu ya mtoto aliyetumwa kuomba msamaha. Alinikaribisha, akaniwekea kahawa na tende. Nikamweleza: ile siku nilimshutumu baba yangu kwamba hafichi wala hatemi dawa... nilichanganyikiwa hata maneno, nikaanza upya. Nikasema baba yangu alikuwa anameza dawa zake zote, mimi ndiye niliyekosea.

Alinitazama kwa mshangao.

"Sasa mimi nilijua hilo. Si alikuwa anapumzika hapo mlangoni kwangu kila siku saa sita? Mimi ndiye niliyekuwa nampa maji ya kumezea kidonge chake. Nikajua na wewe unajua."

Nilikunywa kahawa yote bila kuhisi ladha yake. Ningeteremka ghorofa moja tu na kuuliza, ile Jumamosi isingekuwepo. Lakini nani angeuliza jirani, wakati nilikuwa na karatasi yenye mhuri?

Wiki sita zikaisha. Safari hii ulimi sikuonyeshwa. Nilikuwa namwachia dawa na glasi ya maji mezani naondoka, na nadhani alielewa. Mwezi ukapita, kisha miezi mitatu, minne. Kovu likawa jembamba na kavu, na kila nikimfunga kamba za viatu nilikuwa naliangalia kwa jicho la wizi. Bingwa alisema vidudu wa mfupa wanaweza kulala hata miaka, kwa hiyo tusiache kliniki. Kaka yangu alivuka kivuko hatimaye, akakaa nusu saa, akasema alijua tangu mwanzo kwamba ni chuma.

Mwezi wa nane tangu amalize dawa, siku ya katikati ya wiki, nilirudi mchana kuchukua robota la mashati nikakuta chumba cha baba kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Begi lake dogo halipo. Nikapiga simu, ikaita sana, akapokea kwa sauti ya juu, nyuma yake ngurumo za injini.

"Uko wapi, baba?"

"Kwenye basi. Nakwenda Lindi kumwona dada yangu."

"Lindi? Baba, kliniki yako ni Jumanne! Nani kakushusha ngazi? Umekula? Kwa nini hukuniambia?"

"Nimeshuka mwenyewe. Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi. Tumeshavuka daraja la Rufiji, huku mvua inanyesha, sikusikii vizuri."

Alikuwa ananisikia vizuri kabisa. Akakata.